Mkono Juu ya Goti

Mara ya mwisho kupiga sitar, kile kinanda chetu cha Kihindi cha nyuzi, jukwaani nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipotea kwenye mapigo katikati ya wimbo, hapa hapa Kolkata, mbele ya watu mia tatu. Nikaiweka sitar chini, nikakimbia nalia. Sasa ni miaka ishirini na miwili, nafundisha tu. Kwa hiyo msije mkaniambia eti hofu kidogo inasaidia. Hofu naijua, nimelala nayo kitanda kimoja.

Mwanafunzi wangu Tanima, binti wa miaka kumi na saba, alipochaguliwa kupiga kwenye tamasha la asubuhi la mtaa wetu, mama yake aligawa vitamu nyumba hadi nyumba. Mimi niliingia chooni nikatapika. Nilikuwa naogopa kitu kimoja: apotee kama mimi, na asiiguse tena sitar maishani. Na mtoto yule ana kipaji ambacho mimi sikuwa nacho hata robo.

Basi nikamwandaa kama askari. Nilimkalisha sakafuni saa nzima miguu imekunjwa mpaka ganzi ikapanda kiunoni. Niliielekezea sitar yake feni nyuzi zilegee, azikaze huku anapiga. Mama yake nilimwambia aangushe sufuria jikoni wakati wowote akijisikia, na yule mama alijisikia kweli kweli.

"Dada Sharbani, hapa ni darasani au jela?" Tanima akauliza.

"Jela wanapumzika. Piga."

Siku tatu kabla ya tamasha, muuza samaki akagonga. Nikainuka nikaenda mlangoni. Nikiwa pale nabishana naye kuhusu samaki wake mwenye macho ya juzi, nikasikia sitar nyuma yangu inayumba, kisha kimya. Nikageuka. Tanima alikuwa anatazama mkeka, pale pale lilipokuwa goti langu.

Muziki wetu huzunguka mapigo kumi na sita, halafu unarudi kwenye la kwanza, na hapo sitar na ngoma za tabla lazima zitue pamoja. Miaka sita nilikuwa nikimhesabia mzunguko huo kwa kiganja juu ya goti: kofi, kofi, mkono hewani, kofi, kila ishara mapigo manne. Yale masanduku ya umeme yanayojipigia tabla siyataki nyumbani kwangu. Basi mtoto alikuwa anayapata mapigo kwa macho. Na jukwaani mimi ningekaa nyuma yake na tanpura, nikivumisha nyuzi zake nne bila kukoma ili sitar ipate sauti ya kuegemea, sina mkono wa kumhesabia.

"Tangu lini unatazama mkono wangu?"

"Tangu mwanzo. Kwani haukuwa wa kutazamwa?"

Nilitaka kumzaba kofi, nikaona heri nijizabe mwenyewe. Nikamgeuza uso ukutani, asikie kofi bila kuuona mkono. Siku ya kwanza alipotea mara tano. Siku ya pili, mara tatu. Mazoezi ya mwisho, mara moja. Mama yake akashangilia, mimi nikakosa usingizi, maana hata mimi nilipotea mara moja tu.

Asubuhi ya tamasha tukamkuta mpiga tabla nyuma ya pazia, anakunywa chai. Bishwadeb-babu huyo, yaani Bwana Bishwadeb, mjini kote anajulikana kwa kuwachezea vijana mapigo jukwaani mpaka wapotee.

"Usiogope, binti, mimi sili watu," akasema.

"Wengine tumeona mifupa yao," nikamjibu.

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Sikucheka. Tanima akainama kugusa miguu yangu apate baraka, akaniangalia.

"Dada, miguu baridi hivi! Utadhani wewe ndiye unayepiga."

Sehemu ya polepole, ya sitar peke yake, aliipiga vizuri hadi wazee wa safu ya mbele wakaacha kukohoa. Tabla ikaingia. Mzunguko wa kwanza salama, wa kumi salama, mwendo ukapanda. Nikaanza kupumua. Hapo ndipo Bishwadeb-babu alipoanza michezo yake, anayapindua mapigo na kuyarusha huku na huku, ukidhani la kwanza ni hili, kumbe siyo. Mzee mmoja aliyekuwa anahesabu kwenye paja lake akapotea, akauficha mkono ndani ya shali.

Tanima akatua. Akatua mapema, pigo zima. Nikaona shingo yake inakakamaa, kichwa kinageuka kidogo upande, pale nikaapo siku zote darasani. Kisha akaacha kupiga. Mungu wangu! Nikajiona mimi, na miaka yangu kumi na tisa.

Sikuamua kitu. Mikono yenyewe iliiacha tanpura. Nikasogea upande wake, ukumbi wote unaniona, nikaanza kupiga goti: kofi, kofi, mkono hewani, kofi. Tazama, mtoto, nikanong'ona, tazama hapa!

Hakutazama. Alikuwa amefumba macho. Bishwadeb-babu naye, alipokosa wa kumchezea, akarudi kwenye mapigo ya kawaida, wazi, moja moja. Mzunguko mzima Tanima hakugusa uzi. Kichwa chake tu kilikuwa kinaitikia taratibu. Kisha akatua, na tabla ikatua naye, kwenye la kwanza barabara. Safu ya mbele ikapiga kelele, "Waah!" Hata Bishwadeb-babu akatikisa kichwa kwa furaha.

Mimi nikautazama mkono wangu. Wao walipotua kwenye la kwanza, mkono wangu ulikuwa hewani, nusu mzunguko nyuma. Angenifuata, ningempoteza.

Tanima alikuwa anaendelea kupiga, lakini sauti ilikuwa tupu, haina kitu chini yake. Akasema bila kugeuka, kama mtu anayeomba chumvi mezani:

"Dada, tanpura."

Nikarudisha vidole kwenye nyuzi. Zikavuma chini ya sitar yake.