Jina la Mkunga

Jina la mtoto lilipatikana koridoni, mzazi mwenyewe akiwa bado amelalia shuka lenye damu. Mama mkwe alimwona mkunga akitoka na kichanga kimefungwa vizuri, akatangaza pale pale kwamba mjukuu ataitwa jina la mwanamke huyo aliyeokoa roho mbili. Baba mtoto, fundi wa friji asiyeweza kumpinga mama yake hata kwenye chumvi ya mchuzi, akaitikia. Na mkewe, fundi cherehani ambaye hata kifungo hashoni bila kumuuliza mteja, akaletewa jina likiwa limeshaiva.

Hajalitamka mpaka leo. Mtoto humwita Kibonge. Wengine wakilitaja lile jina, anajiona tena kwenye kitanda cha chuma, taa imemkodolea macho. Na Jumatatu mumewe alikuwa anakwenda kuandikisha cheti cha kuzaliwa. Jina likishaingia serikalini, kulitoa ni shughuli pevu.

Alijaribu kusema, mtu asiseme kwamba hakujaribu. "Mume wangu, kule ndani nilitendewa..."

"Tushukuru Mungu, mama watoto. Wewe mzima, mtoto mzima."

Kwa mama mkwe ndiyo kabisa. "Uchungu wa uzazi unasahaulika, mwanangu. Sisi nani alitubembeleza?"

Kliniki alimwambia nesi kwamba hapati usingizi hata mtoto akilala. Nesi akamning'iniza mtoto kwenye mizani, akausifu uzito, akaita anayefuata.

Mzima! Neno hilo lilimkera kuliko kilio cha usiku. Mzima gani anayeruka mkasi ukidondoka, mpaka cherehani yake imefunikwa na wateja wamehamia kwa jirani?

Jumapili mama mkwe akamwalika mkunga aje amwone wajina wake. Alikaribishwa kwenye kiti chenye mto, akapewa chai ya maziwa na mtoto mapajani. Alikuwa mcheshi, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

"Mama huyu namkumbuka vizuri," alisema. "Mkorofi huyu! Kondo la nyuma limegoma kutoka, mimi naingiza mkono nilitoe, yeye ananirushia mateke. Ikabidi niite wafagizi wamshike miguu."

Sebule nzima ikacheka. Mumewe naye akacheka, huyo huyo anayeshukuru kila siku.

Fundi cherehani akaweka kikombe chini. "Ganzi ulinichoma?"

"Muda ulikuwa wapi, mama? Ulikuwa unavuja damu."

"Sawa. Ungeniambia basi unachofanya. Neno moja tu. Mimi nilijua ndiyo nakufa, nimeshikwa kama mwizi. Mimba ya kwanza iliharibikia jengo lile lile. Nilikuambia toka mlangoni kwamba naogopa, nikakuomba mume wangu aingie. Ukasema nisikuletee deko."

Kicheko kikakauka. Mama mkwe akaanza kuomba radhi kwa mgeni, eti mzazi bado ana uchovu, lakini mkunga akamzuia kwa mkono. Akamrudisha mtoto kwa mama yake taratibu.

"Zamu ile nilikuwa peke yangu," alisema, "na wazazi wamejaa mpaka sakafuni. Ulipopiga kelele, na mimi nikakufokea. Sikatai. Ningekutoa lile kondo hata leo, maana ungekufa kweli. Lakini kukufokea, hapana. Mtoto msimwite jina langu."

Mama mkwe alinuna waziwazi, kama mtu aliyerudishiwa zawadi. Baba mtoto alikuwa ameinama, anatazama viganja vyake.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," mkewe akajibu. "Ukashukuru."

Hatimaye mumewe akainua uso, akamwangalia mama yake, kisha, kwa shida, akayahamishia macho kwa mkewe.

"Haya. Kesho nikaandikishe jina gani?"

Wote wakamgeukia fundi cherehani. Alikuwa amepigana kuling'oa jina lile kwa nguvu zake zote, na la kuweka mahali pake hakuwahi kulifikiria. Machozi yakamtoka, ya hasira hasa.

"Sijui," alisema. "Ndiyo kwanza leo naulizwa."