Pua ya Langoni

Kiwanda cha mbao kiliwahi kununua kifaa cha kupima walevi, kidude cha plastiki cha kupuliziwa mdomoni. Hakikumaliza mwezi. Wengine walisema kimekufa kwa betri, wengine wakasema kimekufa kwa mshtuko wa kile walichokipulizia. Bosi hakutaka kununua kingine. Akakumbuka kwamba mwanamke anayepika chai pale kiwandani ndiye aliyesikia harufu ya waya unaoungua kabla fundi umeme hajasikia chochote, akaagiza awekewe kiti langoni. Tangu hapo, kila asubuhi kabla misumeno haijawashwa, wafanyakazi walipanga foleni mbele yake, mmoja mmoja akainama na kusema "Hodi," kwa sababu neno hilo halitoki bila pumzi. Akijibu "Karibu," unaingia kazini. Akinyamaza, benchi la waliorudishwa unalijua. Wakamwita Mashine.

Kazi hiyo haina raha, na anayedhani ina raha akanuse midomo ya wanaume kabla hajaonja chai. Mashine alikutana na vitunguu saumu vilivyotafunwa vibichi, majani ya mpera, kahawa kavu iliyolambwa kiganjani, dawa ya meno iliyomezwa badala ya kutemwa. Fundi mmoja alisukutua kwa mafuta ya taa, na kutwa nzima wenzake wakamkataza kusogelea mtu mwenye sigara. Wengine walisema hodi huku wakivuta pumzi ndani, sauti ikatoka kama ya mtu anayezama. Wote aliwarudisha. Hakuwa na hasira nao. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu aliyezaliwa na baba mlevi, akaolewa na mlevi, akamzika, kisha akakuta hata ajira aliyoipata ni ya pombe ile ile.

Na nyumbani alikuwa na Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake, kitinda mimba. Mama yao alifariki mtoto hajamaliza kuota meno, na yalipoota yote, dada ndiye aliyemfundisha kuyapiga mswaki. Sasa alikuwa mwanaume wa mabega mapana, msukumaji wa magogo kwenye msumeno mkubwa, na jioni alikunywa. Hakupigana, hakutukana, hakuimba njiani. Alikunywa kimya kimya mpaka akalala na viatu, na asubuhi pombe ilikuwa bado imo ndani yake kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Basi alfajiri dada alimwamsha, akamkalisha kwenye ndoo iliyofunikwa, pale jikoni. Kwanza maji ya chumvi ya kusukutua mpaka kooni. Halafu mswaki, halafu mpini wa kijiko wa kukwangulia ulimi, huku Kitinda akitoa machozi na kushika ukingo wa meza. Halafu uji mzito, ili tumbo lisirudishe harufu juu, na mwisho tangawizi na karafuu zilizopondwa, atafune taratibu. Dada aliinama, akasema, "Pumua." Kitinda akapumua. "Bado. Sukutua tena." Wakati mwingine ilichukua muda mpaka jirani akaanza kufagia uwanja. Yule jirani, ambaye hakuulizwa, alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika dirishani kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Dada alisikia. Alikuwa na usingizi, akaendelea kuponda karafuu.

Langoni alijiambia hasemi uongo. Kitinda aliinama, akasema hodi, na kweli hakunuka. Alinukia. Mdomo wake ulikuwa msafi kuliko wa msimamizi, na Mashine aliajiriwa kunusa, hakuajiriwa kupima damu. Alimjibu karibu, sauti ile ile aliyowajibu wengine. Akili ikichoka hujitafutia mto wa kulalia, na huo ndio uliokuwa wake.

Upande wa pili wa msumeno alisimama Kobe. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna jambo aliloliharakisha, hata kucheka. Unamwambia kichekesho asubuhi, anacheka wakati wa chakula. Yeye ndiye mpokeaji. Kitinda anasukuma gogo, msumeno unapasua, Kobe anaivuta mbao na kuondoa vipande vilivyokwama karibu na meno ya msumeno. Kwa kelele zile mtu hasikii hata jina lake, kwa hiyo walikuwa na alama yao: Kobe akiinua mkono juu, maana yake mikono yake iko salama, sukuma. Mkono usipoinuka, gogo haliendi. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote, na Kobe alikuwa bado na vidole vyake kumi, jambo ambalo pale kiwandani si la kawaida kwa mpokeaji.

Siku moja wakati wa chai Kobe alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili, akakizungusha mpaka Mashine akadhani anataka sukari.

"Dada," akasema mwishowe, "nataka kukuuliza kitu, ila usinielewe vibaya."

"Uliza."

"Mdogo wako. Siku hizi gogo linakuja kabla sijainua mkono. Jana limekuja, na juzi pia. Nilivuta mkono, shati likachanika." Akamwonyesha mkono wa shati, ulioshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. "Mke wangu ananiambia huyo mtu analewa. Mimi nikamwambia haiwezekani, dada yake ndiye anamnusa kila asubuhi, na hajawahi kumpitisha hata mtu aliyeonja. Sasa nakuuliza wewe. Analewa?"

Mashine alikuwa anasuuza vikombe. Alisuuza kimoja mara mbili.

"Asubuhi hanuki," akasema.

Kobe alilitafakari jibu hilo kwa utaratibu wake, kisha uso wake ukafunguka.

"Basi ni mimi. Nimeanza kuzeeka, naona vitu. Ahsante dada, leo nitalala." Akaweka kikombe mezani, akaenda zake.

Mashine aliona aibu. Angeweza kumkimbilia Kobe, hakuwa mbali, na Kobe hajawahi kumpita mtu kwa mwendo. Hakumkimbilia. Alimaliza vikombe.

Jioni alimngoja mdogo wake mlangoni na kumweleza habari ya shati. Kitinda alikwisha kunywa, ingawa jua lilikuwa bado linaonekana.

"Naacha, dada."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho yako ina ndevu sasa."

Kitinda alicheka, na yeye pia akacheka kidogo, kwa sababu alimpenda, na ndilo lililomchosha kuliko yote. Kulipopambazuka mikono yake ilifanya kama ilivyozoea: chumvi, mswaki, kijiko, uji. Alimpondea tangawizi wakati macho ya Kitinda bado mekundu na kichwa kinayumba. Alijiona anafanya, kama anayemtazama mtu mwingine dirishani, na hakujizuia.

Langoni foleni ilikuwa ndefu. Kobe aliinama, akasema hodi, Mashine akamjibu karibu.

"Nimelala vizuri kweli, dada," Kobe akasema, akaingia, akaanza kufagia unga wa mbao kuzunguka msumeno wake.

Nyuma yake alikuwa Kitinda. "Hodi."

Ilikuwa pumzi safi kabisa. Mashine aliijua kila hatua yake. Nyuma ya bega la Kitinda aliuona mgongo wa Kobe umeinama, mkono wake ukitoa kipande cha gome kati ya meno ya msumeno, polepole, kama mtu aliyehakikishiwa.

Hakujibu.

"Hodi," Kitinda akarudia, akatabasamu. "Mashine imeharibika jamani, leteni betri."

Foleni ikacheka. Kicheko kikaisha chenyewe, na msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Akamwambia Kitinda apumue, akanusa yeye mwenyewe, akanusa tena.

"Huyu mbona ananukia kama duka la viungo? Mama, magogo yanangoja. Mpitishe."

"Asiingie."

"Ananuka pombe?"

"Hanuki."

"Sasa?"

Kitinda alikuwa ameacha kutabasamu. Alimtazama kwa macho yale ya jikoni, ya kuomba, akasema kwa sauti ndogo, "Dada."

"Hanuki kwa sababu nimemsafisha mimi," Mashine akasema. Aliisikia sauti yake, kavu na iliyochoka, haitetemeki hata kidogo. "Mdomo ni wangu huo. Nimeukwangua asubuhi hii, ndipo nikaja kukaa hapa kuunusa. Pombe imo, mtazame macho. Na jana ilikuwamo. Nimemfanyia hivi tangu mvua zilizopita."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja kwenye foleni, ambaye Mashine alimrudisha wiki iliyopita kwa bia ya harusini, alitema mate chini. Kitinda alikwenda mwenyewe akakaa kwenye benchi. "Umenimaliza, dada," akasema, akafunika uso. Msimamizi akamwambia Mashine ainuke kwenye kiti na amngoje bosi. Aliinuka.

Kobe alikuwa amesikia. Aliegemeza ufagio, akatembea mpaka langoni kwa mwendo wake, na watu wakampisha. Alisimama mbele ya Mashine.

"Jana nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nikakushukuru."

"Ndiyo."

Alingoja kama kuna la zaidi. Mashine alitaka kumwomba msamaha, neno likawa limemfika kinywani, lakini Kobe alikuwa ameinua mikono yake na anaitazama, upande wa viganja, upande wa kucha, kidole baada ya kidole, bila haraka. Alipomaliza aliiingiza yote miwili mifukoni, akarudi kwenye msumeno wake.