Divai ya Garde

Jina lake la ubatizo ni Paluku, lakini tangu alipovaa buti za kulinda wanyama kule Rutshuru, Kongo, watu walimwita Garde, yaani mlinzi kwa Kifaransa, na jina likamganda. Kambini Uganda aliitwa Garde. Louisville, Marekani, alikoletwa, hata padri humwita Garde. Na kazi nayo ilimfuata: anakaa kwenye kibanda kando ya lango la ghala la divai, anainua kizuizi, anaandika namba ya lori, anateremsha kizuizi. Kwa miaka minne hakuchelewa hata siku moja, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko watu walivyomuuliza.

Mkewe, Gentille, alimwacha mwaka jana. Alikuwa na mimba ya miezi saba, akaanza kuvuja damu saa tano asubuhi. Akapiga simu ghalani. Mtu wa ofisini akateremka mpaka kibandani na kumwambia Garde kwamba mkewe anamhitaji, aende tu. Garde akatazama karatasi yake, akajibu kwamba yamebaki malori matatu, akishayapokea ataenda. Gentille akapelekwa hospitali na jirani wa Kinepali ambaye hawakuelewana hata neno moja. Garde alipofika, mtoto wa kiume alikuwa amekwisha kufunikwa. Sasa mtu mwenye akili angenyamaza, au angelia. Yeye alisimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi, akasema, "Kazi ni kazi, bibi yangu."

Arobaini ilipopita, Gentille alipanda basi kwenda Buffalo, kwa kaka yake Ombeni.

Miezi minane Garde alipiga simu bila kupokelewa. Baada ya Pasaka, Ombeni akapokea.

"Kuya na mutu wa kukusemea," alisema Ombeni, "na ulete kinywaji. Kama kwetu. Tutafungua mbele ya watu, tutamupatia Gentille glasi. Akikunywa, atarudi na wewe. Akiiweka chini, bon, usifanye tena hii njia."

Basi Garde alianza kufikiria kinywaji. Alikumbuka kwamba Gentille, alipokuwa msichana, aliwapikia mapadri misheni, na alipenda kusimulia habari za padri mmoja mzee, Mbelgiji, na chupa zake za divai ya Ufaransa zilizokuwa chini ya nyumba. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akitabasamu akisimulia. Hadithi yenyewe hakuikumbuka, kwa sababu kila aliposimuliwa alikuwa akipiga pasi sare yake.

Na tazama bahati ilivyo na mizaha. Wiki ileile ghala lilipokea shehena kutoka shamba moja kongwe la mizabibu huko Ufaransa, mavuno mapya ya divai nyekundu, ambayo bosi aliyangoja kwa hamu. Chupa moja ilikuwa imechanika karatasi yake, pale penye picha ya nyumba ya mawe yenye minara miwili, kwa hiyo haikuweza kuuzwa. Bosi akamletea Garde kibandani pamoja na maelezo ya shamba. Akazungumza Kiingereza chake cha haraka, na Garde akashika maneno mawili: ailaze, na muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa. Safari ya Buffalo ni ndefu kweli, akawaza, ni vizuri bosi kumkumbusha.

Alipobaki peke yake akayasoma yale maelezo ya Kifaransa, kidole kikifuata mstari, kama alivyofundishwa darasa la sita. Shamba lilikuwapo zaidi ya miaka mia nne. Mvua, udongo, mapipa. Halafu akafika penye maneno *vin de garde*, akaacha kusoma. Divai ya Garde. Jina lake limeandikwa na Wafaransa wasiomjua. Alicheka peke yake kibandani, na kwa mara ya kwanza tangu aachwe Agosti alilala akiamini mkewe atarudi.

Jumamosi asubuhi aliilaza chupa kwenye kiti cha nyuma, akaifunika kwa blanketi, akaifunga mkanda. Saa tano na nusu alikuwa Columbus, mtaa wa Linden, nyumbani kwa Mzee Donati, katekista wa Kirundi aliyezeekea kambini Tanzania na aliyekuwa jirani yake zamani huko Louisville. Ndugu wa damu wa kumsemea Garde hakuwa naye Marekani nzima.

Mzee Donati alichungulia kiti cha nyuma. "Ni nani huyo amelala?"

"Ni divai, Muzee. Ya Ufaransa. Iko na jina yangu."

"Ningekuwa wewe ningeleta kreti ya Fanta na machozi," alisema mzee akijifunga mkanda. "Haya, twende. Ukifika uongee kidogo."

Buffalo theluji chafu ilikuwa bado imebaki kando ya barabara. Ombeni alikuwa ametoka zamu kiwandani Tonawanda, kucha bado nyeusi. Mkewe, Charlotte, alikuwa amepanga viti. Gentille alitoka chumbani amevaa sare ya kazi yake ya kutunza wazee, akawaamkia wote, akampa Garde mkono kama anavyopewa mgeni. Alikuwa amekonda. Garde alimtazama akagundua kwamba alikuwa amesahau jinsi anavyompenda.

Mzee Donati akasimama. "Ndugu zangu, aliyekosa ni huyu, na hakuja mikono mitupu. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke."

"Moja, Muzee?" aliuliza Gentille kwa upole, na mzee akaketi.

Kizibuo hakikuwapo. Ombeni akaingiza skrubu ndefu kwenye kizibo, akavuta kwa koleo, kizibo kikatoka vipandevipande. Akamimina, akaonja kwanza yeye kama mwenye nyumba, na uso ukamkunjamana. "Eh. Hii ni kinini, dawa ya malaria." Charlotte akagusa kwa ulimi, akaulizia sukari. Garde akaonja pia. Ilikuwa kali, ikamkausha kinywa mpaka kwenye fizi, lakini akameza na kusema ni nzuri.

Glasi ikapewa Gentille. Akainusa. Akainusa tena, macho yamefumbwa, na uso wake ukalainika ukawa ule wa zamani wa kusimulia. Garde akashika ukingo wa kiti. Mungu wangu, aliomba, anywe tu.

Gentille akafumbua macho. "Ilikuya na karatasi?"

Garde akampa yale maelezo ya shamba. Gentille akasoma haraka, bila kidole.

"Ulisoma hii, Garde?"

"Nilisoma. *Vin de garde*. Jina yangu iko pale."

"Jina yako." Alitikisa kichwa polepole. "Donc nikuelezee tena. *Vin de garde* ni divai ya kuchunga. Haiko ya kufungua leo. Unailaza mu giza, unaingojea miaka kumi, kumi na tano, mpaka ile ukali itoke. Yule père wa misheni alikuwa nazo, hakukubali mutu aziguse. Nilikuelezea mara ngapi? Uliona garde, ukajiona wewe tu."

"Nitangojea," alisema Garde. Watu walikuwa wakimtazama na hakujali. "Hata kumi na tano, Gentille. Nitaichunga."

"Imefunguliwa. Hata kizibo haiko. Kesho kutwa itachacha, itakuwa vinaigre." Akamtazama sawasawa. "Ile siku, yalikuwa malori ngapi?"

"Matatu."

"Tatu," alisema Gentille. Akaiweka glasi mezani, imejaa vilevile, taratibu isimwagike. Akachukua koti lake mlangoni. "Munisamehe, zamu yangu inaanza saa moja. Kazi ni kazi." Hakuisema kwa kisasi. Aliisema kwa sababu basi lilikuwa linakuja, naye hakutaka kuchelewa.

Walirudi usiku uleule. Linden, Mzee Donati alipoteremka, alimshika Garde bega, kisha akaingia ndani.

Jumatatu Garde alikuwa kibandani kabla ya muda. Bosi akasimamisha gari langoni, akateremsha kioo na kuuliza, safari hii polepole ili aeleweke, kama ile chupa ameilaza.

"Ndiyo, bosi. Niliilaza."

Bosi akafurahi. Akamwambia aisahau kabisa. Garde ataifungua, alisema bosi ambaye hakuwahi kuambiwa, siku yule mtoto wake wa mwaka jana atakapomaliza shule, na hapo itakuwa tamu ajabu.

"Ndiyo, bosi," alisema Garde, akainua kizuizi, kwa kuwa nyuma ya bosi kulikuwa na lori linasubiri.