Feni Iliyotazama Nyuma

Na ifahamike kwa wote, waliopo na wasiokuwepo, kwamba asubuhi ile ya Jumamosi shughuli nzito ya kitaalamu ilifanyika sebuleni, ikiongozwa na mtaalamu wa upepo, mshauri wa mambo ya joto na mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye kwa wakati huo alikuwa akitafuta bisibisi aliyoikalia.

"Inuka," dada yake alimwambia. "Iko chini yako."

Mtaalamu aliinuka kwa heshima zote. Nyumbani walimwita Mheshimiwa. Babu ndiye aliyembandika jina hilo, siku binti huyo aliporudi kutoka bwenini na kuomba apewe chumvi kwa hotuba iliyoanza na kuwashukuru wazazi.

Dada hakuwa na muda wa hotuba. Karakana moja ya samani ilikuwa imempa kazi ya majaribio: atengeneze filamu fupi ya jiko, iliyochorwa kwa kompyuta, makabati yakifunguka na kufungwa yenyewe, na aitume kabla ofisi haijafungwa alasiri. Wakiipenda, kazi ni yake. Alikuwa amehitimu tangu mwaka juzi, na hakuna aliyewahi kumwambia hata "njoo tukuone". Ila kompyuta kila ikipewa kazi nzito ilipandisha joto na kujizima, ndiyo maana wakanunua kipozaji kipya: mnara wa vibati vyembamba, unaokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kubebeshwa feni ubavuni.

"Niachie mimi," Mheshimiwa alikuwa amesema. "Shuleni niko kwenye klabu ya kompyuta."

Hakusema kwamba kule klabuni alijulikana zaidi kwa kupindua picha ya kompyuta ya mwalimu kichwa chini.

"Nisikilize vizuri," Dada alisema. "Juu ya hili kasha la kompyuta kumezibwa. Matundu yako mbele na nyuma tu. Feni ya mbele inaingiza hewa baridi, ya nyuma inatoa hewa moto. Kwa hiyo mnara usiupulizishe juu. Feni yake itazame nyuma."

"Itazame nyuma," Mheshimiwa alirudia, kama anayeapishwa.

Na kwa kweli alitii. Alipaka prosesa ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, inayofanana na dawa ya meno, nyingine akaipaka pua yake, akaukaza mnara, kisha akaibana feni kwa waya zake. Uso wa feni, upande ule mzuri wenye mapanga wazi, akautazamisha nyuma. Kwani feni ya mezani si unaigeuzia uso kule unakotaka upepo uende? Akafunga ubavu wa kasha, akawapungia mkono wananchi, ambao ni Babu na redio yake.

Filamu ilianza kujichora, picha moja baada ya nyingine. Kabati la kwanza likafunguka. La pili likafunguka. La tatu lilipoanza tu kuachia mlango, kioo kikawa cheusi, tii.

Dada hakupiga kelele. Aliweka mikono yake mapajani, akakitazama kioo kile kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Mheshimiwa angependa kugombezwa kuliko kuona vile.

"Vumbi," alisema haraka. "Ni vumbi hili."

Dada akapiga deki. Wakawasha tena.

"Hiyo mashine ina pepo," Babu alisema kutoka kitini kwake.

"Babu, na hiyo redio nayo," Mheshimiwa alisema, huku jasho jembamba likimtoka. "Redio hutoa mawimbi. Mawimbi huchemsha prosesa. Ni jambo linalojulikana."

"Linajulikana na nani?"

"Na wataalamu."

Babu aliikumbatia redio yake, akahamia barazani katikati ya taarifa ya habari. Kompyuta ikajizima kabla hata ya kabati la pili.

"Nikanawe uso," Dada alisema. "Nikirudi nitawaandikia kwamba nimeshindwa." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomkata Mheshimiwa maini.

Mlango wa bafu ulipofungwa, alifungua ubavu wa kasha na kuiwasha kompyuta. Akachana kipande cha karatasi ya chooni, akakishika mbele ya feni ya mnara, mahali ambapo hewa ilitakiwa kuvutwa kwenda ndani. Karatasi haikuvutwa. Ilimrukia usoni.

Akakaa kitako sakafuni.

Kumbe feni hizi hazifanani na ya mezani. Huvuta hewa kwa uso na kuipuliza kwa mgongo. Yake, kwa kutazama nyuma, ilikuwa ikiitema hewa moto kuelekea mbele, huku feni ya mbele ikiisukuma irudi nyuma. Babu alisema kweli, mashine ilikuwa na pepo, tena pepo mbili, na zilikuwa zikipigana ngumi juu ya prosesa.

Alizima. Akazifungua waya, akaigeuza feni, uso mbele, mgongo nyuma, akafunga. Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho Dada alipotokea, maji yakimtiririka kidevuni.

"Unafanya nini hapo?"

"Naiombea."

"Haya, sema amina uondoke."

"Jaribu mara moja tu kabla hujaandika, Dada. Tafadhali." Hilo tafadhali halikuwa na hotuba mbele wala nyuma, na pengine ndiyo sababu Dada aliketi.

Kabati la tatu lilifunguka. La nne likafunguka. Droo za vijiko zikateleza nje na kurudi ndani, taa ya juu ya jiko ikawaka, filamu ikafika mwisho. Dada aliituma, kisha wote wawili wakakaa wakiitazama simu. Ilipolia, alisoma ujumbe kimya, akausoma tena kwa sauti: "Milango imetupendeza. Jumatatu asubuhi uje uanze." Akashusha pumzi ndefu, kama aliyetua ndoo kichwani, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mheshimiwa akamkumbatia, akaona nyumba nzima imepata hewa.

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Badala yake alipanda kwenye stuli.

"Ndugu zangu," alianza, "mmejionea wenyewe hasara ya kuweka redio karibu na..."

Dada alikuwa ameweka kiganja nyuma ya kasha. "Hewa moto inatoka hapa kwa nguvu," alisema taratibu. "Asubuhi niliweka mkono hapahapa, hapakuwa na kitu. Nilipokuwa bafuni uligeuza nini?"

Babu alikuwa amesimama mlangoni, redio kwapani, akisubiri hukumu yake.

Mheshimiwa alishuka kwenye stuli. "Feni," alisema. "Niliifunga kinyume. Redio haina kosa, Babu, nisamehe. Vumbi nalo halina kosa. Ubavuni mwa feni kuna hata mshale unaoonyesha hewa inakokwenda. Niliuona tangu mwanzo. Nilidhani ni pambo."