Lugha ya Mbwa

Idwal wa shamba la Cwm-du ana lugha mbili, na amezigawa vizuri. Kiwelisi, lugha yetu ya kuzaliwa, anaongea na Mungu, na kondoo, na majirani, na mimi. Kiingereza anaongea na mbwa wake na Heulwen.

Mbwa ana sababu. Mot alinunuliwa akiwa ameshafundishwa kazi, na aliyemfundisha alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, kwa Waingereza, kwa hiyo amri zake zote ni za Kiingereza. Mwambie Mot kwa Kiwelisi kwamba nyumba inaungua, atakutazama, atapiga miayo, atalala. Lakini Heulwen hana sababu yoyote. Heulwen amezaliwa kaskazini kabisa, kwenye nyumba ambayo hata paka alikemewa kwa Kiwelisi.

Kosa lilianzia hapa hapa kantini kwangu, kwenye mnada wa mifugo wa Pont-y-wern. Heulwen alikuja na daktari mpya wa mifugo, yeye akiwa msaidizi wake. Ndiyo maana tunamwita Heulwen Sindano, kama mimi ninavyoitwa Nesta Chai. Huku watu ni wengi kuliko majina, lazima mtu abandikwe kitu ajulikane. Daktari alikuwa Mwingereza. Na sisi Wawelisi tuna ugonjwa mmoja: akiingia mtu mmoja tu asiyejua lugha yetu, hata tukiwa tumejaa chumba kizima, wote tunageukia yake, asije akadhani tunamsema. Kumbe mara nyingi kweli tunamsema. Basi Idwal akamsalimu Heulwen kwa Kiingereza, Heulwen akaitikia kwa Kiingereza, daktari akamaliza chai yake akaenda zake. Wale wawili wakabaki humo humo, zaidi ya miaka kumi sasa.

Si kwamba hawajuani lugha. Wiki ile ile Idwal alimsikia Heulwen akicheka na dada yake kwenye simu, kwa kile Kiwelisi cha kaskazini kinachotoka kama mtu ana kokoto mdomoni. Heulwen naye alimsikia Idwal akilitukana dume la kondoo lililomkanyaga, matusi safi, ya kurithi. Lakini ukishakutana na mtu kwa lugha moja, kuhamia nyingine ni kama kuvua shati katikati ya barabara. Anayeanza ndiye mwenye aibu. Kwa hiyo kila Jumatatu, siku ya mnada, wanakaa meza ya dirishani, vikombe viwili, mkate wa zabibu na siagi, wakiongea kama watu wanaosubiri kuitwa ndani na meneja wa benki.

"Hali ya hewa si nzuri," anasema Idwal.

"Kwa kweli si nzuri."

"Inawezekana kesho ikawa nzuri."

"Inawezekana."

Na macho sasa! Macho yao yanaongea Kiwelisi. Mimi nimemzika mume mmoja, wa pili nikamfukuza, na ng'ombe wangu wote walikwenda na ugonjwa kwa msimu mmoja. Macho hayanidanganyi tena.

Jumatatu moja Heulwen akaja kaunta, akaegemea.

"Nesta, nakwambia wewe kwanza. Jumatatu ijayo ndiyo ya mwisho. Narudi kaskazini. Dada yangu ana chumba, na mimi hapa sina kinachonishika."

"Hakuna kabisa?"

"Kitaje."

Nikatazama dirishani. Idwal alikuwa anamkatia Mot kipande cha mkate, akijifanya hatuoni.

"Yule?" Heulwen akacheka, huku akifuta kaunta ambayo nilikuwa nimeshaifuta. "Yule ananiongelesha lugha moja na mbwa wake, Nesta. Na mbwa anaambiwa mengi zaidi."

Kesho yake nikapanda hadi Cwm-du na sufuria ya mchuzi wa kondoo, maana mwanaume mwenye njaa huwezi kumwambia kitu. Nilimkuta zizini amemlaza kondoo jike, anampunguza kwato.

"Heulwen anaondoka."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Mwambie abaki, gogo wewe!"

"Kwa lugha gani?" akauliza, bila kuinua kichwa. "Kwa Kiingereza najua kununua dawa ya kuogeshea kondoo, kubishana na benki, na kumrudisha Mot. Yameishia hapo."

"Basi mwambie kwa Kiwelisi."

"Atasema miaka yote hii nilikuwa namficha nini."

"Na yeye alikuwa anakuficha nini? Mkipandishwa mizani mtalingana kilo kwa kilo."

Hakucheka. Akaendelea na kisu chake, kisha kikasimama.

"Siku mama anakata roho," akasema, "daktari wa hospitali, Mwingereza, alikuwa amesimama pale kitandani. Kijana mstaarabu tu. Nikaona si adabu kuongea asichosikia. Nikamuaga mama kwa Kiingereza, Nesta. Akanitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme."

Nilikuwa na mzaha umeshafika kwenye ulimi. Nikaumeza. Nikamshikia kondoo mguu wa nyuma hadi alipomaliza.

"Usirudie, basi," nikamwambia. "Na mchuzi usiuache upoe."

Jumatatu ya mwisho mvua ilikuwa inashuka ikilazwa na upepo. Nilipanga mambo yangu: meza ya dirishani nikaiwekea kitambaa, wazee wote nikawasogeza upande wa jiko, na nikawaonya kwamba atakayekohoa hapati chai. Idwal alikuja amenyoa. Amejikata sehemu mbili, lakini amenyoa. Akakaa. Akavuta pumzi. Nami nikaona midomo yake inajipanga kwa Kiwelisi.

Mlango ukafunguka, akaingia daktari wa mifugo na keki.

Mtu mwema, sina neno naye. Amekuja kumuaga msaidizi wake. Lakini kantini nzima ikageuka Kiingereza papo hapo, kama kondoo wanaofuata lango lililo wazi. Idwal akafunga mdomo. Alipoufungua tena, akasema hali ya hewa si nzuri.

"Kwa kweli si nzuri," akasema Heulwen, na sauti yake ilikuwa imechoka. Akainuka. Akanikumbatia mimi, akampa mkono daktari, akampa mkono Idwal. Mkono! Kisha akatoka kwenda kwenye gari lake, lililojaa masanduku mpaka kwenye kioo cha nyuma.

Idwal akamfuata mpaka mlangoni, na daktari nyuma yake. Akasimama pale mdomo wazi, mvua inatiririka kwenye kofia yake. Heulwen akatoa funguo. Ndipo ile sauti ikamtoka, ya mlimani, kwa ile lugha aliyozoea kumwitia:

"Heulwen! Ngoja!"

Sasa Mot alichosikia ni bwana wake akipiga kelele kwa Kiingereza. Kwake hiyo ni kazi. Akachomoka chini ya meza kama risasi, akapita kwenye matope, akamzunguka Heulwen kwa mbali kama alivyofundishwa, akalala tumbo chini mbele ya mlango wa gari, macho yamemkazia. Heulwen akasogea kushoto, Mot akasogea kushoto. Akasogea kulia, Mot huyo. Kwenye mazizi ya mnada watu wakaanza kupanda juu ya vyuma vya uzio waone. Hata dalali akanyamaza, na yule hanyamazi hata kanisani.

"Idwal!" Heulwen akafoka, na kilichomtoka kilikuwa Kiwelisi, cha kaskazini, na kokoto zake zote. "Mwite mbwa wako! Ananichafulia viatu!"

Idwal akamtazama. Daktari alikuwa amesimama ubavuni pake, mstaarabu, keki mkononi.

"Simwiti," akasema Idwal. Kwa Kiwelisi.

"Unasemaje?"

"Simwiti, Heulwen. Nikimwita utaondoka."

Daktari akaniinamia akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia asubiri kidogo, au ajifunze.

"Nyumba ile ina vyumba vinne na mtu mmoja," Idwal akaendelea, na kila neno alilitoa kama anavuta mwanakondoo aliyekwama. "Na dada yako akija kututembelea sawa, kama anaweza kuvumilia lafudhi yetu."

"Dada yangu hawezi kuvumilia lafudhi yenu."

"Na wewe?"

"Mimi nimeivumilia kwa Kiingereza. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi."

Mtu akacheka huko mazizini, akanyamazishwa kwa kiwiko. Heulwen alikuwa ameshika funguo kifuani, uso umelowa, na si mvua yote ile.

"Ongea tena," akasema, polepole.

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema hali ya hewa."

Basi Idwal akavua kofia, akamwambia hali ya hewa. Kwamba mvua hii inatoka baharini, na itakwenda hadi jioni. Kwamba ukungu umelala kwenye kilima chake tangu alfajiri, na mama yake alikuwa akiuita shuka la wavivu, kwa sababu ukishuka hakuna anayetoka kitandani. Kwamba leo aliuona akatamani kumwambia mtu hilo jina. Alikuwa anasogea huku anasema, hatua kwa hatua, mpaka hakuhitaji tena kupaza sauti, na sisi wa mlangoni hatukusikia yaliyobaki. Tuliona tu Heulwen akifungua mfuko wa koti la Idwal na kutumbukiza funguo ndani.

Mot bado alikuwa amelala pale kwenye matope, macho kwa Heulwen, hatikisiki. Hakuna aliyekumbuka kumwambia, kwa lugha yake, kwamba kazi imekwisha.