Mraba Uliokula Mabibi

"Mraba ndio watu wanaangalia kwenye simu, Zule, nani siku hizi—"

"Nani amekuambia hii ni ya simu? Tazama hapa, Haboba Sitti amebaki kiwiko—"

"—ana haja na picha ndefu? Waambie tu wasogee—"

"—na Haboba Ayesha amebaki goti. Goti, Khaemba."

Zuleika akamnyang'anya kamera. Khaemba, Mkenya wa Bungoma aliyefungua naye studio, akachungulia: goti lilikuwa pale kwenye kioo na halina ubishi. Asubuhi Khaemba alikuwa Kabalagala, upande wa pili wa Kampala, akipiga picha sahani za mgahawa mmoja. Akaiweka kamera kwenye mraba, akasahau kuirudisha. Sahani ya pilau inakaa vizuri kwenye mraba. Ukoo wa Kinubi haukai.

Na ukoo huu, kazi yote ilikuwa kwenye ncha zake. Shamim, bibi harusi, alikuwa anaondoka Nateete jioni hiyo kwenda kwa mumewe Arua, na aliomba kitu kimoja tu: picha moja yenye haboba zake, yaani bibi zake, wote wawili. Mabibi hao ni ndugu wa tumbo moja, na walikuwa hawajasemeshana miaka sita, tangu wagombanie nani abebe kawa ya kwanza, sinia la chakula lililofunikwa, kwenda kwa wakwe. Katika nyumba ile, mwenye kawa ya kwanza ndiye mkubwa. Sasa kila mmoja alikuwa amejichagulia mwisho wake wa mstari, watu kumi na wanane katikati. Khaemba alipowaomba wabanane kidogo, Haboba Sitti alimjibu kwamba anayetaka kubanana aende soko la Kalerwe.

Kurudi nyuma nako hakukuwezekana. Visigino vya Zuleika vilikuwa tayari vinagusa ukuta wa jirani.

Lakini Zuleika hakuwa mtu wa kushindwa na kitufe. Alikuwa ameshamwambia Shamim picha ipo, na ikishasemwa ipo, ipo. Akaingia kwenye menyu, akaupita mraba. Akaipita kumi na sita kwa tisa, ile nyembamba, maana ingewanyoa vichwa vijana warefu wa nyuma. Akatua kwenye tatu kwa mbili, upana wote wa kamera. Kioo kikafunguka kushoto na kulia kama mtu amevuta pazia: huku Sitti mzima, kule Ayesha mzima, na viatu vyao.

Akapiga mara tatu, kisha akawapelekea waone, kwa zamu, ili asionekane ana upande. Sitti aliguna tu, akarudisha kamera. Shamim alijifuta jicho na ncha ya shela.

Ayesha ndiye aliyekawia. Alijitazama, gurbaba yake, ile nguo ya maua ya kujitanda, imelegea begani kama shuka iliyosahaulika kwenye kamba. Akahamisha macho mpaka ule mwisho mwingine, ambako gurbaba ya ndugu yake ilikuwa imefungwa ikakaa, kila ua mahali pake. Khaemba alimnong'oneza Zuleika wakunje vitu, kazi imekwisha.

Ayesha akainuka. Akapita mbele ya watu wote kumi na wanane, polepole, akasimama mbele ya kiti cha Sitti, akamgeuzia bega.

"Nifungie hii," akasema. "Wewe ndiye unajua."