Mteja Mwenye Unyeti

Zipora Sanga hakuwa mtu wa siasa, alikuwa mtu wa viazi. Alivinunua kwa wakulima wa kwao Tandala, akavishusha Njombe kwa fuso, na kutoka hapo vikaenda Dar es Salaam kwenye mahoteli. Siasa ilimfuata yenyewe, siku waziri mmoja alipokuja Tandala kuhutubia, akaisifia barabara ya huko weee, kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Zipora akasimama. "Mheshimiwa, sisi tunashukuru. Ila wewe umekuja na helikopta. Rudi na gari, halafu utusifie tena hiyo barabara."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye majani. Kuna aliyerekodi, na kufika Jumapili nchi nzima ilikuwa imemwona. Redio ikamwita, akaulizwa habari za ushuru wa mazao, naye akajibu kwa kirefu, kirefu kuliko mumewe Elius alivyopenda. Chama cha upinzani kikampa kadi na kipaza sauti. Kadi akaiweka kabatini. Kipaza sauti alikitumia.

Ndipo meneja wa benki yake pale Njombe, kijana mpole aitwaye Rodrick, alipompigia simu.

"Shikamoo mama. Naomba ufike ofisini, kama una nafasi."

Zipora aliamini anakwenda kupewa zawadi ya mteja bora. Akavaa kitenge kipya, akasuka hata nywele. Kutoka nyumbani kwake Mjimwema hadi mjini alikuwa anafikiria atasema nini wakimpiga picha.

Rodrick alimkaribisha chai, akafunga mlango, akaanza kupangapanga kalamu zake mezani.

"Mama, akaunti yako tunaifunga. Pesa zako zote utapewa, hilo usiwe na wasiwasi."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Ni maelekezo kutoka makao makuu. Wanasema wewe sasa ni mteja mwenye..." akatafuta neno, "...mwenye unyeti wa kisiasa."

"Unyeti? Mwanangu, mimi nina presha tu."

Rodrick alitaka kucheka, akajizuia. Akasema yeye binafsi angependa Zipora abaki, ila uamuzi haukuwa wake. Zipora alimwona ana aibu ya kweli, akamhurumia kidogo. Lakini alipofika nje ilibidi asimame kando ya duka la vipuri kwanza. Mahoteli ya Dar es Salaam hayalipi mkononi, na pesa za kutumiwa kwa simu zina kikomo chake. Bila akaunti, biashara yote imekwisha.

"Nilikwambia siku ile ukae chini," Elius alisema jioni.

"Wewe ndiye uliyecheka kuliko wote."

Elius akamwongezea ugali.

Kulipokucha Zipora akapanda basi kwenda Makambako, ambako mabenki yamepangana kandokando ya barabara kuu. Kwenye benki ya kwanza binti wa dirishani alimtambua papo hapo, akaomba wapige picha pamoja, akachukua kitambulisho kwa furaha na kuingia nacho ndani. Alirudi uso umebadilika.

"Samahani mama, mtandao unasumbua."

Dirisha la pili mtu alikuwa anahesabiwa pesa zake bila tatizo lolote. Benki iliyofuata hawakujisumbua hata kutafuta uongo. Walisema hapana.

Akaingia mgahawani kwa hasira na njaa, na nani yuko pale anakula wali? Beatha Mgaya, katibu wa chama tawala katika kata moja ya hapo Makambako, aliyekwenda redioni kumjibu Zipora na kumwita mropokaji. Beatha huyohuyo ndiye mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa hapo.

"Kamwene, mropokaji," Beatha akasalimia. "Mbona sura imekunjamana?"

Zipora hakutaka kusema, akasema. Alisubiri kicheko. Beatha alisukuma sahani pembeni.

"Wamefanya nini?"

"Wamenifungia."

"Wajinga! Mimi nataka nikushinde mkutanoni, mbele ya watu, kwa hoja. Sasa wakikunyamazisha kwa njia hii, si watu wataniambia tumekuogopa? Kuna mkutano wa wanachama mchana huu. Twende ukaombe kujiunga."

"Beatha, unanitania."

"Sikupendi kiasi cha kukutania. Inuka."

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la mahindi. Zipora aliombwa akae nje, lakini dirisha halikuwa na kioo, akasikia yote. Mzee Ambrosi, mkulima anayeheshimika, alisema waziwazi kwamba anaogopa: chama nacho kina akaunti benki, je, nayo ikifungwa kwa sababu ya mtu mmoja?

"Mzee wangu, hofu yako naielewa," sauti ya Beatha ikajibu. "Lakini leo ni yeye kwa kusema barabara mbovu. Mwakani utasema wewe mbolea imechelewa. Utakimbilia wapi? Masharti yetu yanataka mkulima au mfanyabiashara wa mazao, mwenye tabia njema. Tabia yake mimi siipendi, lakini mwizi siyo."

Kikasikika kicheko, kisha kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Mzee Ambrosi hakunyoosha wake. Alipotoka, hata hivyo, alimshika Zipora mkono.

"Nimekupinga, binti yangu, lakini walio wengi wameamua. Karibu nyumbani."

Hapo ndipo Zipora, ambaye hakulia kwa Rodrick wala mbele ya madirisha ya Makambako, alipofuta macho kwa ncha ya kitenge. Malipo ya hoteli yaliingia kupitia chama wiki iliyofuata, na hakuna aliyefungiwa kitu.

Lakini jioni ileile ya mkutano, Beatha alimsindikiza stendi. Zipora alikwishakaa dirishani basi lilipowashwa, Beatha akasema kutoka chini, "Na kuhusu ushuru wa mazao, bado ulidanganya watu."

"Nilidanganya wapi?"

"Kila mahali!"

"Konda, ngoja kwanza," Zipora akasema, akateremka kumjibu. Basi likaondoka. Wakabaki wawili pale stendi, wanabishana kwa mikono yote, na basi jingine likajaa na kuondoka bila yeyote kati yao kugeuka.